Unga Mwekundu wa Mgborie

Na ijulikane kwa vijiji vyote, vya mlimani na vya bondeni, kwamba Sauti ya Pango haina ndugu wala rafiki. Haipokei zawadi. Haikosei. Mwenye hatia akiingia pangoni huliwa papo hapo, na damu yake hutoka na mto ili jamaa zake waione na waridhike. Asiye na hatia hurudishwa kwao kwa ngoma. Aliyeliwa harudi, na jina lake halitajwi tena chini ya paa lolote.

Ndivyo alivyotangaza Imaga, msemaji wa Pango, kila siku ya soko la Nkwo, akiwa amesimama juu ya jiwe na koti la baharia lililokwisha kupoteza vifungo vyote. Alitangaza vizuri, hilo tumpe. Alipofika kwenye maneno “haipokei zawadi” alikuwa akifumba macho kwa unyenyekevu, na kwa hiyo hakuwaona mbuzi waliofungwa nyuma yake.

Mgborie alilijua tangazo lile neno kwa neno. Yeye ndiye aliyekuwa akitwanga ile damu.

Hakuanza kwa ubaya. Mama yake alimfundisha kukata ule mti mwekundu wa msituni, kuusugua juu ya jiwe, kuutwanga na kuuchekecha mpaka uwe unga laini ambao mabibi harusi hujipaka mwilini ili wang'ae. Alipoolewa katika mji wa Pango alikuja na kinu chake, na alipofiwa na mume kinu kikamlisha. Siku moja Imaga akaja mlangoni, akachovya kidole katika unga, akakinyanyua juani.

“Rangi yako nzuri, mama. Nitwangie kapu zima.”

“Kapu zima! Harusi ya nani hiyo?”

“Kubwa,” Imaga alisema.

Kesho yake Mgborie alishuka mtoni kuchota maji, akakuta umati ukingoni na mama mmoja amepiga magoti majini, anayateka maji mekundu kwa viganja na kuyamwaga kifuani, maana ndicho kilichobaki cha mwanawe. Mgborie aliitambua ile rangi kama mpishi anavyoutambua mchuzi wake kwenye bakuli la jirani. Alirudi nyumbani na mtungi mtupu. Tusianze kumtafutia sifa: Imaga alipokuja tena, alitwanga.

Wazee wa zamani, akiwemo baba yake Mgborie, walikuwa na sheria za kizembe. Mwizi wa viazi vikuu alilipa mbuzi, akaimbwa wimbo wa aibu na wanawake, basi. Aliyelala na mke wa mtu alipewa kazi ya kumwezekea mwenye mke nyumba nzima, huku mwenyewe amekaa chini akitoa kasoro. Sauti ilikuwepo hata wakati huo. Iliulizwa juu ya mipaka ya mashamba na wake wasiozaa, na mara nyingi ilijibu kwamba watu warudi kwao wakapatane. Haikula mtu. Haikuwa na hamu.

Hamu iliingia pamoja na merikebu. Mgborie hakuwahi kuziona. Zilitia nanga mbali, huko mto unakogusa maji ya chumvi. Lakini vyote vilivyomo ndani yake vilipanda mto mpaka kwao: bunduki, baruti, mabeseni ya shaba, pombe kali ya kwenye chupa, makoti, kofia. Na kadiri vilivyozidi kupanda, ndivyo watu wa vijijini walivyozidi kuwa na hatia. Hakuna aliyeliona hilo kuwa la ajabu. Kuiba kuku, jambo lililokuwa likiishia kwenye matusi, likawa kosa la kumchukiza muumba. Kumjibu mzee, pia. Kwenda shamba peke yako kukawa upumbavu, maana watu wa kamba walikuwa wakivizia watu wa kuuza, na akina mama waliwafungia watoto darini kabla ya kutoka, kama nyama ya kukausha. Jirani alimshitaki jirani asubuhi ili asije akashitakiwa mchana. Katika kijiji cha Amokpara ndugu wawili waliokuwa wakigombea shamba la marehemu baba yao walikimbizana njia nzima mpaka Pangoni, kila mmoja akitaka awe wa kwanza kumshitaki mwenzake. Sauti, kwa ile haki yake isiyojua upendeleo, ikawala wote wawili. Shamba likamwendea Mzee Ukpai, ambaye hakuwa na ugomvi na mtu.

Pango lilikuwa na mdomo mbele, wa kuingilia, na tundu nyuma, la kutokea. Walioliwa walitokea nyuma kwa miguu yao wenyewe, kamba shingoni, wakakabidhiwa kwa mnunuzi aliyekuwa akingoja na mtumbwi. Njia ya Mgborie ya kupelekea unga kwenye dimbwi la juu, mto ulikoanzia kabla ya kupita pangoni, ilipita karibu na hapo. Akifika, alitazama vidole vyake vya miguu. Vilikuwa vidole vya kawaida, na alivijua vizuri sana.

Kitu kimoja ndicho kilichomkera, nacho hakikuwa dhambi yenyewe bali utaratibu. Unga uliagizwa siku moja kabla ya shauri kusikilizwa. Mshitakiwa bado yuko njiani, amebeba kokwa zake za kola za kumsalimia Imaga, anakariri utetezi wake, na huku damu yake imeshachekechwa. Siku ambazo unga haukuagizwa, mtu alirudi kwao kwa ngoma. Jamaa zake, inaonekana, walikuwa wametangulia na zawadi ambayo haikupokelewa. Hivyo Mgborie alijua nani atarudi na nani hatarudi, na majirani wakasema mjane yule amejaliwa maono.

Sasa, Amokpara ndiko alikozaliwa, na huko alikuwa na kijana wa marehemu mdogo wake, Uduma, aliyembeba mgongoni tangu hajaota meno. Alikua akawa mkulima hodari mwenye mke mmoja, mtoto mmoja na ulimi wa watu wanne. Ndiye aliyekuja siku moja, saa za asubuhi, akainama mlangoni akicheka.

“Mama mkubwa, shikamoo. Nimeitwa na Sauti.”

Mchi wa Mgborie ukasimama hewani. “Umefanya nini?”

“Nimecheka.”

“Uduma!”

“Kweli, mama. Mzee Ukpai alikuja barazani na kofia ya merikebuni, ndefu kama mzinga wa nyuki, ina tundu juu. Amekaa nayo kimya, anangoja tumsifu. Mimi nikamuuliza tu, kwa adabu: Mzee, hii kofia imekuja peke yake, au mwenyewe bado yumo ndani?”

“Ukamwambia hivyo mbele za watu?”

“Wangecheka vipi kama hawakuwepo? Sasa viazi vyake vimeoza ghalani, na imegundulika kwamba ni kicheko changu kilichoviozesha. Kesho nasimama mbele ya Sauti. Nitasema, itasikia, nitarudi.” Akamtazama. “Si ndiyo? Si haikosei?”

“Kimbia,” alisema Mgborie.

“Nikimbilie wapi? Kila njia panda wamekaa watu wa kamba. Halafu nikikimbia watamchukua Olanma na mtoto, waseme ni fidia ya viazi.” Kicheko kikapungua kidogo. “Mama mkubwa, kuna kitu unakijua?”

“Najua unga,” alisema. “Nenda kalale kwa rafiki zako. Na kesho uje nao wote wa rika lako, na mapanga yao, kama mnaokwenda kulima. Usiniulize.”

Alasiri akaja Imaga. Hakujua kwamba mjane yule ana ndugu Amokpara. Kwake alikuwa Mama Unga, na mtu hamuulizi kinu kinatoka ukoo gani.

“Kesho makapu mawili, Mama Unga. Mzee Ukpai anataka iwe nzito, iwafikie mpaka watu wa kule kwenye mawe. Ametoa ng'ombe.”

“Zawadi?”

“Shukrani,” alisema Imaga, akafumba macho.

“Shauri la nani?”

“Kijana mmoja, mdomo mrefu. Humjui.”

“Ameshahukumiwa?”

“Mama, atahukumiwaje na hajasikilizwa? Atasikilizwa kesho. Haki haina haraka.” Akachovya kidole katika unga uliokuwapo, akautazama, akaridhika, akaenda zake.

Mgborie alitwanga mpaka jua likaingia. Alifikiria kukataa, lakini mji ulikuwa na wajane wengine na vinu vingine, na mwaka ule alipougua homa walichinja kondoo tu na watu wakalia vilevile. Alifikiria kupeleka unga hafifu. Lakini watu waliokuja kuona damu wangeiona hata kwenye maji ya kunawia. Kila aliposhika pameshonwa vizuri. Pango lilikuwa kazi ya watu wenye akili, na bahati mbaya akili hizo hazikuwahi kuombwa zijenge hata daraja. Ni pale alipokuwa akifunika makapu ndipo aliporudi kwenye lile lililomkera siku zote, kwamba damu huwa tayari kabla ya shauri. Akafikiri: basi, kama iko tayari, ya nini ingoje?

Asubuhi aliyapeleka makapu kwenye dimbwi la juu. Pale alikaa Echeme, mtumishi wa Sauti, mzee aliyewekwa wakfu tangu ujana. Mtu wa wakfu haruhusiwi kuuzwa, na huo ndio uliokuwa mshahara wake wote. Kilichobaki alilipwa kwa chupa. Kazi yake ilikuwa moja: ngoma kubwa ikilia kule chini, mtu akiwa ameshamezwa na giza la pango, yeye humwaga unga.

“Umechelewa, dada,” alisema Echeme. “Leo wana kiu kule chini.”

“Na wewe je?”

“Mimi kiu yangu ni ya kudumu.”

Mgborie akatoa kwenye kapu chupa aliyolipwa na Imaga msimu uliopita, bado imezibwa. Echeme aliitazama kama bwana harusi.

“Dada, umeota nini leo?”

“Nimeota unakunywa peke yako, ukachukia.”

“Ndoto mbaya sana hiyo. Tuizuie.” Wakaizuia, yaani yeye aliizuia, Mgborie alishika tu kizibo. Chupa ilipofika nusu, Echeme aliegemea mti. “Nikisinzia utaniamsha?”

“Nitakuamsha.”

Hakumwamsha.

Kutoka pale juu, kati ya majani, ukingo wa mto ulionekana wote. Watu walikuwa wengi, maana Ukpai alitaka mashahidi. Alikuwa ameketi mbele, kofia kichwani. Vijana wa rika la Uduma walikaa pembeni na mapanga yao ya kulimia. Olanma alisimama nyuma yao, mtoto mgongoni, amekiuma kitambaa chake. Na Imaga, juu ya jiwe, alikuwa ameanza: na ijulikane kwa vijiji vyote.

Desturi ni kwamba mshitakiwa huingia mtoni, maji yakimfika magotini, ataje jina lake na la baba yake, ndipo aende pangoni. Uduma akaingia. Akasimama. Imaga alikuwa amefika kwenye “haikosei”.

Mgborie akamwaga. Akamwaga kapu la kwanza, akamwaga la pili, akayakung'uta yote mawili kwenye maji kama mama anayekung'uta mkeka.

Ule wekundu ulishuka taratibu, ukapita kwenye mawe, ukamfikia Uduma, ukamzunguka miguu. Aliyetangulia kuuona ni yeye mwenyewe. Aliinama, akatazama maji, akajishika tumbo, akajishika shingo, kila kitu kikiwa mahali pake.

“Mimi nipo,” alisema.

Kisha bibi mmoja wa Amokpara, asiyekuwa na meno wala woga, akauliza kwa sauti ya kuulizia bei ya bamia:

“Jamani, mbona ameliwa na bado hajaingia?”

“Damu ya nani hiyo?” mwingine akadakia.

“Labda ya Imaga!”

Mtu akacheka, na mwingine, na vijana wa mapanga wakasimama bila kuambiwa. Pangoni, kwenye giza, walikuwamo watu wa kamba. Lakini walikuwa wa kumshika mtu mmoja aliyeachwa na jamaa zake, si wa kutoka juani mbele ya vijiji vitatu na kuulizwa wao ni viungo gani vya Sauti.

Imaga alifumbua macho. Tumsifu tena, maana hatutapata nafasi nyingine: hakutetereka. Alikuwa na njia mbili. Aseme Sauti imekosea, na hapo angekuwa mtu wa koti bovu aliyesimama juu ya jiwe. Au aseme Sauti haijakosea.

“Imemla!” alinguruma. “Mmeona kwa macho yenu! Hatia yake ni kubwa mno, Sauti haikungoja aingie. Imemla akiwa nje!”

“Lakini si huyu hapa?” alisema bibi.

“Mnachokiona ni kivuli. Uduma ameliwa. Kilichobaki ni kivuli chake.”

Watu wakakitazama kivuli. Kivuli kikajikuna shingo.

Mzee Ukpai akasimama, kofia ikiyumba. “Basi kivuli kiingie pangoni!”

“Kikafanye nini huko, Mzee?” bibi akamgeukia. “Mtu mmoja aliwe mara mbili? Sauti yenu ina njaa kiasi hicho? Au kuna mwingine humo ndani anayengojea chakula?”

Watu wakanung'unika, si kwa ubaya, bali kama wanaoanza kufikiri, na Imaga hakuwa na desturi ya kuwaachia watu muda huo.

“Kivuli,” alisema haraka, “nenda nyumbani.”

“Kwetu, au kwa wafu?” aliuliza Uduma, ambaye hata kufa hakukuwa kumemfundisha.

“Kwenu.”

“Na mke wangu?”

“Huna mke. Kuna mjane.”

“Naruhusiwa kumsalimia?”

“Nenda!” alisema Imaga, na ngoma kubwa ikapigwa, kwa kuchelewa.

Echeme alizinduka kwa ngoma hiyo, akakuta makapu yameshamwagwa, akajipongeza.

Kesho yake Imaga alikuja kwa Mgborie. Hakukaa.

“Jana maji yalifika mapema.”

“Echeme anakunywa sana siku hizi.”

“Echeme anasema hakumbuki kumwaga.”

“Ndiyo hivyo. Anakunywa sana.”

Imaga alikitazama kinu, akamtazama usoni, kisha mikononi palipokuwa pekundu mpaka kwenye viwiko kama siku zote. “Mama Unga, una ndugu Amokpara?”

“Nilikuwa naye mmoja,” alisema Mgborie. “Aliliwa.”

Imaga angeweza kumwambia kwamba anajua. Lakini angetakiwa aeleze anajua nini, na ili alieleze hilo ingebidi ataje unga, na unga haukuwepo, palikuwepo damu. Akavuta koti lake.

Mnunuzi naye alikuja juu. Alikuwa ameshapakia chumvi ya safari, na akasema kijana yule ataokotwa njiani siku yoyote, jambo rahisi. Imaga alikataa kabisa. Habari zilikuwa zimeshasambaa, na watu walikuwa wakija kutoka vijiji vya mbali, kila mmoja na kuku au mbuzi, kupita Amokpara kukiona kivuli cha mtu aliyeliwa, halafu Pangoni kusujudu. Kivuli kikipotea, wangekuja kuona nini? Kwa hesabu za Imaga, Uduma akiwa amekufa na yuko shambani alikuwa na faida kuliko Uduma akiwa hai ndani ya merikebu. Ni huruma pekee iliyopata kutolewa pale, na ilitoka upande huo.

Mzee Ukpai alikwenda kudai shamba la Uduma, kwa kuwa mwenyewe ameliwa. Akakuta kivuli kinapalilia. Alisimama mpakani kitambo, akitafuta katika sheria zote alizozijua ni ipi inayokiondoa kivuli shambani. Halafu kikamwamkia, “Shikamoo, Mzee, na kofia pia,” na Ukpai akaondoka kwa hatua za haraka kuliko heshima yake. Alikuwa amewaambia watu habari za Sauti kwa miaka mingi hivi kwamba aliziamini, na tangu siku ile alikuwa akilala na taa.

Jina la Uduma halikutajwa tena. Waliheshimu tangazo. Walimwita Kivuli, na walimkopesha jembe, walimwalika kwenye kuezeka, na walimtukana alipochelewa.

Kabla mwezi haujaandama, Imaga akaja mlangoni kwa Mgborie akachovya kidole.

“Kesho kapu moja. Dimbwini nitakuwepo mimi mwenyewe.”

“Nani kesho?”

“Mwanamke wa kule ng'ambo ya bonde. Shauri la kuku.”

Mwanamke yule alikuwa wa mbali, hana vijana wa mapanga, na kilimani hapakuwa na mtu wake mwenye kapu. Mgborie aliyajua hayo yote, na asijisingizie kwamba hakuyajua. Alitandika ngozi chini ya kinu, akachukua mchi. Kesho yake, akipita na kapu karibu na tundu la nyuma, alivitazama vidole vyake vya miguu.

Wakati wa viazi vipya, mjane wa Amokpara alijifungua mtoto wa kiume, mwenye masikio makubwa kama ya marehemu. Wanawake walimwogesha, wakampaka unga mwekundu ulioletwa na mama mkubwa. Marehemu ndiye aliyempa jina.